MANENO YA MWENYEKITI: TUMKUMBUKE MWALIMU



Katika miaka 10 yetu namkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Msomi yule, Misa hakuiacha hata akiwa Rais. Alimtafsiri Shakespeare, Mabepari wa Venisi, 1969. Habari za mkopo na mdai, sisi wa hisa tunazielewa!

Hapa Hanang tuna neno naye. Mashamba ya ngano ya Basotu yalichukua malisho ya Wabarbaig enzi zake, na machungu yapo. Lakini alipoutangaza 1970 mwaka wa elimu ya watu wazima, mama zetu nao wakaitwa darasani. Bibi zetu humu kikundini wanasaini daftari kwa jina, siyo kwa dole gumba.