Nyumba Inayovutwa na Mzigo wa Begani

(Mazungumzo ya redio. Masomo: Hesabu 7:3–9, Waebrania 11:8–10)

 Popote ulipo saa hii, jikoni ukikoroga uji, dukani ukifungua mlango, au kitandani kwa sababu ya ugonjwa, karibu tukae pamoja kwa dakika chache.

Ukimwambia mwendesha bodaboda wa mjini Embu, "Nipeleke Dallas," hatakuuliza kama una pasipoti. Atakupeleka katika mtaa wa Dallas, penye vyumba vya kupanga vya mabati na mbao, watoto wengi, nguo zilizoanikwa, na akina mama wanaouza sukumawiki kando ya njia. Lakini iko Dallas nyingine, mji mkubwa wa jimbo la Texas, Marekani. Leo naanza na kitu cha Dallas ile, kisha nitarudi katika Dallas yetu.

Mwaka 1983, katika mji mdogo wa Rice ulio kusini mwa Dallas ya Marekani, walianza kutengeneza nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa nyuma ya gari. Waliiita Casita, neno la Kihispania lenye maana ya kijumba. Wazo lenyewe ni la zamani kidogo. Mwaka 1968 huko Winnipeg, nchini Kanada, bwana mmoja aitwaye Ray Olecko alitengeneza kijumba cha namna hiyo kilichoitwa Boler. Kabla ya hapo alikuwa amebuni tangi jepesi la maji machafu kwa kutumia faibaglasi, kitu kilekile ambacho ndugu zetu wa Mombasa na Lamu wanakijua, kwa kuwa maboti mengi ya siku hizi yameundwa nacho. Akaona kwamba kinachoweza kuzuia maji yasitoke chini ya ardhi kinaweza pia kuzuia mvua isiingie chumbani.

Faibaglasi ni nini? Ni nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, zilizolowekwa katika utomvu wa kiwandani ulio kama gundi. Zinatandazwa ndani ya kalibu, zinakauka na kuwa ngumu. Kijumba kinatolewa katika kalibu kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, kama maganda mawili ya yai, kisha vinaunganishwa kiunoni. Hivyo viungo ni vichache, na mvua haina pengi pa kupenyea. Ndani mna meza inayogeuka kuwa kitanda, jiko dogo, na kabati. Boler ya kwanza ilikuwa na uzito usiofika kilo 500, hata gari dogo liliweza kuivuta.

Huenda unasema, "Mchungaji, hayo ni mambo ya wazungu wenye likizo. Yanatuhusu nini?" Ndugu yangu, usiseme hivyo upesi. Kutoka Meru ukiteremka mpaka Isiolo, ukaendelea kaskazini kuelekea Marsabit, utawakuta Warendille na Wagabra. Nyumba zao ni fito zilizopindwa, mikeka na ngozi. Wanaozijenga ni akina mama. Malisho yakiisha, nyumba inafunguliwa, inafungwa mizigo, inapakiwa juu ya ngamia, na jioni inasimama mahali pengine. Mama anajua kila fito inakaa wapi. Kwa hiyo kabla Olecko hajazaliwa, akina mama wa Kenya walikuwa wanamiliki nyumba nyepesi ya safari.

Na zaidi ya hapo, Mungu mwenyewe alikubali kukaa katika nyumba ya namna hiyo. Wana wa Israeli walipokuwa jangwani, hema ya Bwana ilifunguliwa na kusimamishwa tena kila wingu lilipoondoka. Katika Hesabu sura ya 7 tunaelezwa jinsi ilivyosafirishwa. Wakuu wa makabila walileta magari 6 ya kukokotwa na ng'ombe 12. Musa akayagawa. Wana wa Gershoni, waliochukua mapazia na vifuniko, walipewa magari 2 na ng'ombe 4. Wana wa Merari, waliochukua mbao, nguzo na vitako vizito, walipewa magari 4 na ng'ombe 8. Na wana wa Kohathi? Hawakupewa hata gurudumu moja. Kazi yao ilikuwa kuchukua vitu vitakatifu, navyo vilitakiwa kubebwa mabegani.

Hapo, wapendwa, ndipo lilipo neno la leo. Nataka mshike mambo matatu.

Jambo la kwanza: ujue uzito wa kile unachokivuta.

Mwenye kijumba cha magurudumu hawezi kununua kila akionacho sokoni. Gari lake lina kipimo. Akiongeza sufuria, akaongeza viti, akaongeza masanduku, siku moja gari litashindwa kupanda mlima, au breki zitashindwa kulizuia likiteremka. Basi kabla hajaongeza kitu, anajiuliza: kinastahili kuvutwa?

Sisi nasi tunavuta. Mfikirie baba mmoja anayekaa katika chumba kimoja cha kupanga pale Dallas ya Embu, yeye na mke wake na watoto wanne. Kijijini ameanza nyumba ya mawe ya vyumba vitano. Msingi upo, kuta zimefika kwenye madirisha, na majani yameota ndani. Kila mwezi sehemu kubwa ya mshahara inakwenda kwa simiti na nondo, na sehemu nyingine kwa mkopo wa simiti ya mwaka jana. Mtoto wa kwanza ameitwa kidato cha kwanza, na karo haipo. Mama akisema, "Baba Muthoni, tungejenga vyumba viwili tu vya mbao tuhamie, mtoto aende shule," anajibiwa, "Watu watasemaje? Wenzangu wote wamejenga mawe."

Simcheki baba huyu. Anawapenda watu wake, na anaona aibu. Lakini swali ni hili: je, anaimiliki nyumba ile, au nyumba ile inammiliki yeye? Yesu alisimulia habari za tajiri aliyekusudia kuvunja maghala yake ili ajenge makubwa zaidi, na usiku uleule roho yake ikatakwa. Mungu hakumlaumu kwa kuwa na ghala. Alimwita mpumbavu kwa sababu alijiwekea nafsi yake akiba, wala hakuwa na kitu mbele za Mungu. Vyumba viwili vilivyolipiwa, vyenye watoto waliolala wakiwa wamesoma na kuomba, ni bora kuliko vitano vinavyokaliwa na mijusi.

Jambo la pili: uupange mzigo wako.

Wanaovuta vijumba hivi wana kanuni yao. Sehemu ya uzito, yapata kilo 10 hadi 15 katika kila 100, lazima ikae mbele, pale trela inapofungwa kwenye gari. Ukipakia vizito vyote nyuma, trela itaanza kuyumba kushoto na kulia kama mkia wa mbwa. Ukienda mbio, inazidi kuyumba, mpaka inaligeuza hata gari linaloivuta. Mzigo ni uleule, kilo ni zilezile. Kilichoharibika ni mpango tu.

Ninyi mnaosafiri barabara ya Embu kwenda Meru mnaujua ule mteremko wa kwenda daraja la Nithi. Wengi wamepoteza maisha pale, na familia nyingi za upande huu bado zinalia. Dereva mwenye hekima haanzi kuwaza juu ya mzigo wake akiwa katikati ya mteremko. Anauwaza kabla hajaanza safari.

Maisha nayo yana miteremko yake: ugonjwa, kufutwa kazi, kufiwa. Siku hiyo itaonekana umepakia nini mbele na nini nyuma. Nyumba ambamo maombi, upendano na ukweli vimekaa mbele, karibu kabisa na yule anayeivuta, itatikisika lakini haitapinduka. Nyumba ambamo vitu hivyo vimesukumwa nyuma kabisa, vikasubiri siku ya nafasi, inaanza kuyumba kwa jambo dogo tu, hata kwa bei ya unga.

Tena angalieni, mabwana na mabibi: mzigo hupangwa na wawili. Kama mume anajua deni ambalo mke halijui, mmepakia gizani. Leo jioni, baada ya chakula, zimeni redio hii, keti pamoja, chukueni karatasi. Andikeni: tunadaiwa nini? Tunalipa nini kila mwezi? Ni kitu gani tunakivuta kwa sababu ya macho ya majirani peke yake? Kisha ombeni juu ya karatasi hiyo. Hiyo nayo ni ibada.

Jambo la tatu: kuna mzigo usiowekwa garini.

Wana wa Kohathi wangeweza kulalamika. "Mbona Merari wamepewa magari manne, nasi tutembee jangwani na miti mabegani?" Lakini vitu vitakatifu havikuwa vya kupakiwa. Miaka mingi baadaye, tukisoma 2 Samweli sura ya 6, watu waliona afadhali kuliweka Sanduku la Bwana juu ya gari jipya. Gari lilikuwa zuri, ng'ombe walikuwa na nguvu, nyimbo zilikuwa nyingi. Lakini ng'ombe walijikwaa, Uza akanyosha mkono, na siku ile ya furaha ikawa ya msiba.

Siku hizi kila kitu kina gari lake. Kuna simu ya kumtuliza mtoto, shule ya bweni ya kumlea, na pesa za kutumwa kwa simu ili mzee kijijini asijisikie amesahauliwa. Vitu hivi vina kazi yake, wala sivipingi. Lakini kumfundisha mtoto wako kumcha Mungu ni mzigo wa begani. Kuketi na mama yako mzee, ukamsikiliza akirudia habari ileile, ni mzigo wa begani. Kumwomba jirani msamaha ni mzigo wa begani. Ukiupakia garini, utajikwaa.

Sasa, wapendwa, naomba mnisikilize vizuri, maana mtu anaweza kuligeuza neno hili likawa dhuluma. Yule mtu wa Texas anayelala katika kijumba chake kando ya ziwa amechagua udogo. Akichoka anarudi nyumbani kwake. Lakini mama anayelala na watoto wanne katika chumba kimoja, paa likivuja, choo kikishirikiwa na nyumba kumi, hakuchagua. Huyo simwambii, "Shukuru, udogo ni baraka." Nikisema hivyo nitakuwa nimemfunga mzigo mzito, nami siugusi hata kwa kidole.

Hata kule Marekani kwenyewe, baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008, watu wengi walipoteza nyumba zao. Mwaka 2017 mwandishi Jessica Bruder alitoa kitabu kiitwacho Nomadland juu ya wazee wanaoishi ndani ya magari na vijumba vya kuvutwa, wakihama toka kibarua kimoja hadi kingine, kwa kuwa kodi ya nyumba imewashinda. Kijumba ni kilekile. Kwa mmoja ni burudani, kwa mwingine ni kimbilio la mwisho. Tusihukumu mtu kwa kutazama ukubwa wa mlango wake.

Basi kanisa lifanye nini? Kumbukeni zile nyuzi za kioo. Uzi mmoja peke yake unavunjwa na mtoto. Utomvu peke yake unapasuka. Lakini nyuzi nyingi, zimelala huku na huku, zikashikwa pamoja, hubeba mvua, upepo na mwendo wa barabarani. Ushirika wetu na uwe hivyo. Kama katika kikundi chenu cha maombi kuna mama ambaye paa lake linavuja, msimwombee tu na kumwaga. Changeni mabati matatu. Kama kuna kijana fundi, apande juu apigilie. Kumbukeni kwamba mtume Paulo, pamoja na Akila na Prisila, walikuwa mafundi wa mahema. Mikono iliyoandika nyaraka ilikuwa na alama za sindano.

Na mwisho wa yote, tukumbuke kwamba sisi sote, wa chumba kimoja na wa ghorofa, ni wasafiri. Ibrahimu alikaa katika mahema, yeye na Isaka na Yakobo, na wala hakuwa maskini. Alikuwa na mifugo, fedha na watumishi. Lakini alijua kuna mji ambao Mungu mwenyewe ameuwekea misingi. Kwa hiyo hakuona haya kulala chini ya kitambaa. Mwenye kuwa na nyumba ya kudumu mbele yake anaweza kustahimili nyumba nyepesi njiani, na anaweza pia kumkaribisha mwenzake ndani yake.

Na tuombe.

Ee Bwana, uliyetembea na watu wako jangwani, tunakuja kwako na mizigo yetu. Tufundishe kutua usio wa lazima, kuupanga ulio wa lazima, na kuubeba mabegani kwa furaha ule ulio mtakatifu. Wakumbuke walio katika vyumba vinavyovuja usiku huu, na utufanye sisi kuwa jibu la maombi yao. Wape mume na mke ujasiri wa kuambiana ukweli juu ya karatasi moja. Utufikishe sote katika mji wako. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.