Chipu Zilizorudi: Maneno ya Mwanafunzi wa Zamani



Mimi ni fundi simu, Mtaa wa Aggrey, Kariakoo. Mwaka 2019 nilibadilisha chipu za chaji kwenye simu sita; nne zikarudi, zinachemka. Nikanyamaza, nisije nikaitwa fundi mbabaishaji. Kumbe jirani yangu naye alikuwa na zake tatu, kanyamaza vilevile! Tulipoambiana ndipo tukaenda pamoja kwa muuza vipuri. Alikunja uso, lakini akaleta boksi. Chini ya darubini tukaona namba zimechapwa upya: zilikuwa chipu kuukuu, zilizobanduliwa kwenye simu mbovu. Naye alikuwa ameuziwa hivyo hivyo.

Tangu hapo huandika tarehe ya mzigo juu ya kila pakiti, nasi humrudishia zilizo mbovu na kumtajia aina ya simu. Hasara tunagawana. Wakubwa nao hukaa karibu hivyo: TSMC ya Taiwan hutengeneza chipu kwa mashine za ASML ya Uholanzi, na mainjinia wa ASML hushinda humo humo kiwandani kwa mteja.

Wale wateja wanne niliwarudishia fedha zao. Mmoja, mama muuza vitenge, hajakanyaga tena mlangoni kwangu.