Adabu Zetu na Wenzetu Wenye Ulemavu

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Sitazungumzia sheria kwa kirefu, ingawa ndiyo kazi yangu ya kila siku. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria Na. 9. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Hayo ni mema. Lakini mtu aweza kupata kiti ofisini kwa sheria, kisha akakaa mwaka mzima bila kuamkiwa vizuri na jirani yake. Hilo halina kifungu.

Kwa maoni yangu, si kwamba hatuna adabu. Tunazo nyingi, ila zimeshonwa kwa kipimo cha mtu mwenye macho, masikio na mkono wa kulia. Chukueni shikamoo. Mdogo ndiye huanza. Sasa mzee akiingia chumbani akanyamaza akingoja kuamkiwa, kijana asiyeona atajuaje kwamba amekuja mzee? Nimesikia kijana wa namna hiyo akiitwa mjeuri mbele ya watu. Anayeona ndiye aanze kusema na ajitaje, hata kama ana mvi. Shikamoo itafuata, na marahaba haitapungua uzito. Akiondoka, aage pia, asimwache mwenzake akizungumza na kiti kitupu.

Mkono wa kushoto nao. Wengi wetu tulichapwa utotoni kwa kupokea kitu kwa mkono huo. Basi mtu ambaye mkono wake wa kulia umepooza akikunyooshea wa kushoto, usisite wala usiukodolee macho ule mwingine. Ushike.

Yanayonisikitisha zaidi hutokea katika ofisi za umma. Mama kiziwi huja na mtoto wake awe mkalimani, na karani humwuliza mtoto, "Anataka nini?" Mama yupo pale pale! Nimeshuhudia shauri la mirathi likielezwa kwa mtoto wa miaka tisa, ili yeye ndiye amwambie mama yake kwamba shamba limekwisha gawanywa. Atafutwe mtu mzima anayejua Lugha ya Alama, na karani amtazame mama mwenyewe anaposema. Mama akijua kusoma, kalamu na karatasi vipo mezani. Kupaza sauti hakusaidii, isipokuwa kuwatangazia watu wote wa foleni mambo ya faili lake.

Juu ya majina, wapo wanaoogopa kutamka "kiziwi", wakidhani ni tusi. Viziwi wenyewe wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania. Neno linalowaudhi ni "bubu". "Zeruzeru" nalo liachwe. Tuseme mtu mwenye ualbino.

Tuache pia kugawa pole na sarafu ovyo. Mwenye fimbo nyeupe aliyesimama kituoni anangoja daladala kama wewe. Pengine anawahi kusahihisha mitihani. Ukitaka kumsaidia, uliza, ungoje jibu. Akikubali, mpe kiwiko ashike, usimkokote. Wenzetu nao wana wajibu wao: asiyetaka msaada akatae kwa maneno laini, maana aliyefokewa leo hatauliza kesho.

Ndugu Mwenyekiti, ukumbi huu una ngazi sita. Asubuhi wenzetu wawili wanaotumia viti vya magurudumu walibebwa juu juu na vijana wa Kidato cha Tano. Vijana walifanya kwa moyo mwema, lakini hakuna aliyewauliza wageni washikwe wapi, wala kama wanataka kubebwa. Bwalo la chakula halina hata ngazi moja. Naomba mkutano wa mwaka ujao ufanyike bwaloni, na hoja hii ipigiwe kura leo, kabla hatujaenda kula.