WAUGUZI WAFUNDISHWE KUTUNZA MAPAFU YETU

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama,

Leo twataka kusema nanyi juu ya pumzi. Wengi wetu hufanya kazi katika vumbi la saruji, la mkonge na la mawe, na nyumbani mama zetu hupika kwa moshi wa kuni. Vumbi hilo, moshi huo na sigara huharibu mapafu polepole. Ugonjwa huu wa kudumu hauponi, lakini mgonjwa akitunzwa vema aweza kufanya kazi na kulea watoto wake. Shirika la Afya Duniani limehesabu ya kwamba katika mwaka 2019 uliua watu zaidi ya milioni 3.

Taabu iko hapa: mwenye kikohozi akifika zahanati, mara nyingi hupewa dawa ya chupa na kurudi kazini, au hutibiwa kifua kikuu asichokuwa nacho. Hatumlaumu mwuguzi. Yeye ni mfanya kazi kama sisi, na hakufundishwa.

Tazameni Afrika ya Kusini. Mwaka 2003, katika jimbo la Free State, kliniki 40 zilitiwa katika majaribio. Katika nusu yake, wauguzi walifuatwa palepale kazini wakafundishwa magonjwa ya kifua. Huko wagonjwa wa kifua kikuu waligunduliwa zaidi, na dawa za kuvuta zilitolewa zaidi, kuliko katika kliniki zile nyingine.

Basi twadai mambo matatu. Kwanza, wauguzi wafundishwe kupima pumzi kwa spiromita, maana kusikiliza kifua tu hakutoshi. Pili, wafundishwe kumwonyesha mgonjwa namna ya kuvuta dawa: atikise kichupa, atoe pumzi, abane midomo, abonyeze huku akivuta polepole, kisha azuie pumzi kwa kadiri ya sekunde 10. Dawa ikivutwa vibaya huishia mdomoni. Tatu, wafundishwe kumwuliza kila mgonjwa, "Wafanya kazi gani?" Mtu akitibiwa kisha akarudishwa katika vumbi lile lile, ni kazi bure.

Wala siku za mafunzo zisikatwe katika mshahara wa mwuguzi au likizo yake.

Nanyi ndugu, mwenye kikohozi kipitacho wiki mbili asingoje. Aende akapimwe, aitaje kazi yake, na amwarifu mwakilishi wa chama. Mwenye nguvu za mikono bila pumzi hawezi kuinua jembe.

Umoja ni nguvu.