Goti la Mtoto Aliyeumia Uwanjani

Leo tuzungumze juu ya goti.

Mama mmoja alikuja kliniki na binti yake wa kidato cha pili. Msichana alikuwa akicheza mpira shuleni, akageuka ghafla, akasikia goti likilia "pa!" Jioni likavimba kama kibuyu. Nyumbani lilikandwa kwa maji moto, kisha fundi wa mifupa akalivuta. Baada ya wiki kadhaa uvimbe uliisha, akarudi uwanjani, na goti likaanza kumwangusha. Hospitali ya rufaa ikawaambia kwamba kano ya ndani ya goti imekatika, na itatengenezwa upya kwa kano ya paja lake mwenyewe. Mama akakataa. Akaniuliza, "Sista, wakate kano nzima ili wazibe iliyokufa? Si watamlemaza mara mbili?"

Ni swali la haki. Wewe unayesikiliza, keti, kunja goti, ushike nyuma yake. Unahisi zile kamba ngumu? Ndizo kano za misuli ya paja. Ziko kadhaa, na moja au mbili zikitolewa zilizobaki hufanya kazi. Mguu hupungua nguvu kidogo, ndiyo, lakini mazoezi huirudisha sehemu kubwa. Kazi hii si ya jana: huko Uingereza daktari Hey Groves alitumia mkanda wa nyama ngumu wa paja kutengeneza kano ya goti mwaka 1917.

Sasa, kwa nini tusiliache goti lijiponee? Kwa sababu ya gegedu. Ndani ya goti kuna magegedu mawili yenye umbo la mwezi mchanga, ambayo hupokea uzito kama mto. Sehemu kubwa ya gegedu haina mishipa ya damu, kwa hiyo likichanika halifungi kama kidonda cha ngozi. Goti lililolegea likiteguka kila mara, hulisaga gegedu, na mtu huanza kuumwa magoti kabla hajazeeka.

Je, kano inaweza kuwekwa badala ya gegedu lenyewe? Madaktari wa Sweden wamejaribu, kwa wagonjwa wachache. Bado si tiba ya kawaida, basi usiuze ng'ombe kwa ahadi hiyo. Gegedu lililochanika hushonwa pale inapowezekana, na ndiyo maana kuwahi ni muhimu.

Mtoto akiumia goti, mpumzishe. Weka kitambaa cha maji baridi, funga bandeji bila kukaza sana, inua mguu juu ya mto. Usikande kwa moto, usiruhusu mtu alivute. Goti likivimba siku hiyo hiyo, likikwama, likishindwa kubeba uzito au likimwangusha, mpeleke hospitali. Goti lililovimba pamoja na homa haliwezi kungoja kesho. Huenda ni usaha ndani. Na ukiambiwa picha ya eksirei ni safi, usifurahi mapema: eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi kano wala gegedu. Uliza daktari kama anahitaji kupimwa zaidi.

Wasichana wanaocheza mpira huumia kano hii kuliko wavulana. Simwambii mtu amkataze bintiye kucheza! Mwalimu awafundishe kuruka na kutua magoti yakiwa yamekunjwa, yasiangukiane kwa ndani.

Kuhusu gharama, jiandikishe SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na uulize hospitalini inalipa kiasi gani kabla ya siku ya upasuaji.

Yule mama alikubali mwishowe. Binti yake amefanyiwa upasuaji, na kila asubuhi kabla ya shule anafanya mazoezi ya paja. Mpira ananiulizia kila tukionana. Namwambia miezi tisa haijatimia, na hata ikitimia, daktari ndiye atakayempima goti kwanza.