Ng'ombe Akivimba Tezi, Usingoje Kesho

Wafugaji wa Kericho na Bomet, leo tunazungumzia ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe wa kahawia wanaojificha masikioni mwa ng'ombe. Ng'ombe wa gredi huumia zaidi.

Kabla ya kukama, pitisha mkono chini ya sikio na mbele ya bega. Tezi imevimba? Pima joto mkunduni. Likizidi nyuzi 39.5, mpigie daktari wa mifugo papo hapo, hata kama ng'ombe bado anakula. Hapa ndipo wengi hupoteza mnyama: wanangoja mpaka aache kula na maziwa yakauke, ndipo watafute simu. Akishaanza kuhema kwa shida na kutoa povu puani, mapafu yamejaa maji. Dawa ya buparvakuoni hufanya kazi vizuri ugonjwa ukiwa mchanga. Mapafu yakishajaa maji, huenda isimwokoe.

Tafadhali, mzee, mama, usimdunge tetrasaiklini ya agroveti kisha ukae kusubiri. Unapoteza siku ambazo ng'ombe hana. Mwite daktari aliyesajiliwa, umweleze ulimnyunyizia dawa ya kupe lini mara ya mwisho. Akishamtibu, muulize maziwa yasiuzwe kwa siku ngapi.