Waliopita Vitani Kuja Kwetu

Mada iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika



Historia ya Injili katika Tanga na Usambara husimuliwa kwa kuanzia bandarini. Mwaka 1890 wamisionari wa Kijerumani walianza kazi Tanga, na mwaka 1891 wenzao wakapanda milimani hadi Mlalo. Jinsi walivyoondoka husimuliwa kwa nadra. Novemba 1914 mizinga ilinguruma katika mji huu. Julai 1916 Waingereza wakautwaa, na kufikia mwaka 1920 wamisionari hao walikuwa wameondolewa nchini. Waliruhusiwa kurejea katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1939 vita vikazuka tena, na kwa mara ya pili wakatiwa kizuizini na kutenganishwa na makanisa waliyoyatumikia.

Vitabu vya Ulaya na Marekani viliziita kazi hizo “misioni yatima”. Jina hilo lilitolewa kwa huruma, lakini haliwatendei haki walimu na wainjilisti wazalendo waliobaki. Yatima hana mzazi. Hapa walikuwapo waliobatiza, waliozika na waliofundisha Kipaimara bila mshahara wa uhakika. Lililokosekana ni fedha, dawa na watu wa kuongezea nguvu. Ndiyo maana Kanisa la Kilutheri la Augustana la Marekani liliombwa kuzitunza misioni za Kijerumani katika Tanganyika, ile ya Usambara ikiwa miongoni mwao.

Machi 1941 kundi la wamisionari wa Augustana lilipanda meli ya Misri iitwayo Zamzam, iliyokuwa ikitoka Marekani kuelekea Cape Town na Mombasa. Ndani yake walikuwamo wamisionari zaidi ya mia moja wa madhehebu mbalimbali, wengine na watoto wao. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, na Misri pia haikuwa imetangaza vita. Lakini meli hiyo iliundwa Uingereza, nayo ilisafiri usiku taa zikiwa zimezimwa. Alfajiri ya tarehe 17 Aprili, katika Atlantiki ya Kusini, manowari ya Kijerumani Atlantis ikaifyatulia mizinga.

Katika abiria alikuwamo Bibi Lillian Danielson na watoto wake sita, mdogo wao bado wa kubebwa. Mumewe, Mchungaji Elmer Danielson, alikuwa Tanganyika akiwangojea. Mashua waliyoshushwa nayo iliingia maji, mama na watoto wakajikuta wakielea baharini. Bahari ilikuwa shwari asubuhi ile. Waliookoa abiria ni mabaharia walewale waliowapiga, na mikono ya Wajerumani ikawapandisha watoto mmoja mmoja hadi manowarini. Wote sita walikuwa hai.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu. Walutheri wa Marekani walikuwa njiani kuja kushika kazi iliyoanzishwa na Walutheri wa Ujerumani. Meli yao ikazamishwa na manowari ya taifa lilelile lililowatuma waanzilishi. Bila shaka manowarini walikuwamo vijana waliofundishwa Katekisimu Ndogo ya Luther utotoni. Ungamo moja halikuzuia mzinga, wala si vema kulificha hilo siku ya sherehe.

Mateka walihamishiwa meli nyingine ya Kijerumani, Dresden, wakakaa baharini kwa muda wa mwezi mmoja, wakiogopa sasa kuzamishwa na Waingereza. Tarehe 20 Mei walishushwa Saint-Jean-de-Luz, Ufaransa, iliyokuwa chini ya utawala wa Wajerumani. Wamarekani wengi wa kundi hilo walirudishwa kwao kupitia Ureno. Bibi Danielson alifika nyumbani Marekani na watoto wote. Mumewe alikuwa bado Afrika, na bahari yenye vita ilikuwa kati yao. Kurudi salama kwake hakukuwa kukutana.

Katika kundi hilo alikuwamo pia Mchungaji Ralph Hult. Hakuwa mgeni wa nchi hii. Alikuwa amekwisha kutumika Tanganyika katika miaka ya 1920. Baada ya kuokolewa na kurudi kwa mkewe na watoto, angeweza kusema kwamba amekwisha kutoa sehemu yake, wala hakuna ambaye angemlaumu. Vita vilikuwa vingali vinaendelea alipoanza safari tena, peke yake, akiiacha jamaa yake Marekani. Safari hii alifika. Mwaka 1943 alifariki dunia Dar es Salaam.